Vitu Alivyovitoa Mama Philomène Nabindu

Siku ya Jumanne, tarehe 12 Agosti 1975, saa tatu asubuhi, hapa Kalemie, kwenye mlango wa nyumba hii mnayoiona nyuma yenu, Mama Philomène Nabindu alianza kutoa vitu vyake. Alitoa sufuria mbili kwa mwanamke aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni, ambaye hakumjua hata jina, akatoa mikeka, akatoa blanketi la watoto, akatoa redio na koti la mvua la kazi la mume wake, na kila alipotoa kitu macho yake yalikuwa yamekwisha kurukia kitu kingine, na alikuwa akiimba, na tangu Jumapili hakuwa amefumba jicho.

Ndugu waombolezaji, familia inaanzia hapo, kabla ya kuzaliwa kwake, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo. Alisema ugonjwa wake usifichwe siku ya kumzika, “kwani mukificha ile, mutakuwa munazika mutu mwingine.”

Mama Philomène alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 huko Mboko, pwani ya kaskazini ya ziwa, mtoto wa tatu wa mvuvi Asende na mke wake Anne. Bibi Anne alishikilia hadi kufa kwake kwamba ilikuwa tarehe 2, lakini karatasi ya ubatizo inasema 3, nasi tumefuata karatasi. Mwaka wa 1949 baba yake alihamia hapa kufuata samaki, mji ukiitwa bado Albertville, na binti akaingia shule ya masista, akasoma hadi darasa la tano, akatoka Julai 1954 akijua kusoma, kuandika, kushona na kuimba sauti ya pili, ambayo parokia hii imeisikia kwa zaidi ya miaka thelathini.

Alipotoka shuleni alimfuata mama yake ufukweni kuanika dagaa, na kazi hiyo ikawa yake. Alikuwa na jicho kali la kuchagua, dagaa wa mchanga hawakuingia katika gunia lake, na magunia yake yalipanda treni hadi Nyunzu, ambako kaka yake, Papa Casimir, aliyepo hapa leo, aliyapokea na kuyauza sokoni.

Siku ya Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1960, alifunga ndoa na Papa Pontien, fundi wa karakana ya shemindefere, yaani reli, na Mungu akawapa watoto wanne, Nicolas aliyezaliwa mwaka wa 1961, Immaculée wa 1964, Noëlla wa 1967, na Néhémie wa 1972, ambaye surua ilimchukua tarehe 19 Mei 1974. Wako waliosema baadaye kwamba huzuni ya mtoto huyo ndiyo iliyomvunja mama, wako waliosema amerogwa kwa sababu ya magunia yake kuuzika vizuri, lakini daktari hakusema hili wala lile.

Mara ya kwanza hakuna aliyeelewa. Agosti ile ya 1975 wajomba walimfunga mikono kwa kamba ya nyavu, alama zake anazikwa nazo leo, kwani wakati wa kumwosha Jumatano jioni wanawake walioingia waliziona. Kisha wimbo ulikatika, na kuanzia Oktoba alilala ameelekea ukuta, hakula mpaka alishwe, hakujibu salamu, na Noëlla, aliyekuwa na miaka minane, alidhani mama yake amekasirika naye. Ilikuwa Januari 1976 ndipo daktari wa hospitali alipouandika ugonjwa kwa jina refu la Kifaransa, akamweleza Papa Pontien kwamba haukuwa uchawi wala tabia mbaya, kwamba ungekuja na kwenda maisha yote, kwamba vidonge vingesaidia vikipatikana. Nyumbani uliitwa kupanda na kushuka.

Papa Pontien alipotoka kwa daktari hakwenda kazini, alipita mlango kwa mlango katika mtaa huu, kofia mkononi, akawaomba majirani jambo moja. “Akikupa kitu, pokea, musibishane naye, weka kwako. Akitulia, urudishe.” Hiyo ikawa desturi ya mtaa. Sufuria zilitoka na zikarudi, mikeka ilitoka na ikarudi, na Papa Lambert, fundi viatu, alizoea kusema kwamba redio ya Pontien inajua njia ya nyumbani kuliko mbuzi wake. Mama Philomène mwenyewe alicheka alipokuwa mzima, na familia inasema wazi kwamba desturi hiyo iliilinda nyumba hii. Lakini ilikuwa na upande wa pili, ambao ni yeye peke yake aliyeuona.

Siku ya Alhamisi, tarehe 4 Novemba 1976, akiwa kwenye benchi la zahanati akingoja vidonge, alikaa karibu na mwanamke aliyefunika vifundo vya mikono yake kwa kitambaa. Alikuwa Mama Emilie, muuza unga wa muhogo, mzaliwa wa hapa hapa ufukweni. Mama Philomène aliviangalia vile vifundo, akakunja mikono ya blauzi yake akaonyesha alama za kamba, akasema, “Weye pia, mama?” Mama Emilie akajibu, “Mimi walinifunga na mupira ya baiskeli. Weye walikuheshimu, kamba ya nyavu!” Wakacheka hadi mwuguzi, Papa François, akatoka kuangalia kuna nini.

Tangu hapo Alhamisi ikawa yao. Walikutana hapa chini ya paa la jikoni, mmoja akichambua dagaa, mwingine akichunga unga, wakaulizana usingizi ulikuwaje, maneno yalikuwa yanakimbia au yanatembea, na aliyeona mwenzake anapanda alimwambia usoni bila kuzunguka, kwa sababu mwenzake angeweza kukataa neno la mume, la padri na la daktari, lakini si la mtu aliyetoka njia ileile. Wengine walikuja baadaye, akiwemo Papa Lambert, ambaye hakuna mtu mtaani aliyejua kwamba naye anashuka, mpaka alipokuja Alhamisi moja akiwa na kiatu kimoja mkononi kama kisingizio.

Na Mama Philomène aliposhuka, Mama Emilie hakumwambia jikaze, hakumwambia omba zaidi. Aliingia na maji katika beseni la buluu la nyumba hii, akaliweka kando ya kitanda, akasema, “Leo ni miguu tu.” Akamwosha miguu, akaenda zake. Kesho yake ilikuwa miguu na uso. Siku nyingine ilirudi kuwa miguu tu, na hakulaumu. Mwaka wa 1981, aliposhuka Mama Emilie, na dawa zimekosekana mji mzima, beseni lilivuka barabara kwenda upande ule, na aliyelibeba alikuwa Mama Philomène.

Aprili mwaka huu wa 1988 alianza kusikia maumivu upande wa kuume wa tumbo. Alilazwa tarehe 7 Juni, madaktari wakakuta uvimbe kwenye ini, wakafanya walichoweza, na tarehe 20 Agosti akaomba arudishwe nyumbani. Alikuwa mwembamba, alikuwa na maumivu, lakini akili yake ilikuwa imetulia kama ziwa la alfajiri. Wiki iliyofuata akaanza kutoa vitu vyake.

Alimwita Mama Rosalie, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye nyumba ya watu kumi na wawili, akampa sufuria kubwa. Alimwita Papa Lambert akampa taa, kwa kuwa macho yake yameanza kuchoka na viatu havishonwi kwa kupapasa. Kila binti alipewa kitenge chake, Nicolas msalaba wa ukutani, na Mama Emilie beseni la buluu. Wote walipokea, wote walishukuru, na mtaa mzima ulifanya ulivyozoea kufanya kwa miaka kumi na miwili, wakaviweka ili wavirudishe. Mama Rosalie hakungoja hata wiki, alirudisha sufuria ikiwa imesuguliwa inang'aa, akasema, “Mama, umetulia sasa, sufuria yako njo hii.” Mama Philomène akaisukuma sufuria kwake tena, akasema, “Rosalie, mimi sijapanda. Ninakupa kweli.” Mama Rosalie akasema ndiyo, ndiyo, mama, akaiacha mlangoni. Jioni hiyo, na hili lilituuma sisi wote tuliokuwepo, alilia, akatuuliza, “Mutangoja nife njo muamini?” Hata sisi hatukuwa na hakika.

Mama Philomène alifariki nyumbani kwake siku ya Jumatano, tarehe 14 Septemba 1988, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa Papa Pontien, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Kabla ya kumaliza, familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na hasa Papa François, aliyetunza vidonge vyake kama vya dada yake, watu wa karakana waliochonga jeneza, kwaya, wachuuzi wenzake wa ufukweni ambao jana hawakuanika, ndugu waliotoka Nyunzu na Mboko, na majirani wa mtaa huu, ambao kwa miaka yote hiyo hawakuiba hata kijiko.

Jana asubuhi, Alhamisi, majirani hao walikuja na vitu. Taa ya Papa Lambert ilikuja, mabinti walileta vitenge, na Papa Casimir, kama ilivyo haki ya kaka, alivipanga kando ya sufuria ili ukoo uvigawe baada ya matanga, akisema bila ubaya wowote kwamba zawadi ya mgonjwa si zawadi. Saa mbili Mama Emilie akaingia uani na beseni la buluu kichwani, nywele hazikusukwa, nguo ni ile ya jana yake, na sisi tunaomjua tuliogopa, kwa kuwa tuliona anashuka. Papa Casimir akanyoosha mikono kulipokea. Mama Emilie akampita, akachota maji pipani, akaketi kizingitini, akaingiza miguu yake mwenyewe katika beseni, akaiosha, polepole, wa kuume kisha wa kushoto, mbele ya watu wote. Alipomaliza alimwaga maji, akamtazama Papa Casimir, akasema, “Yaya, kaka yetu, wakati alipokuwa anapanda, alipatia kila mutu anayepita, na hakutazama mutu. Sasa angalia vitu hivi. Kila kimoja kina mwenyewe. Mimi alinipa akinitazama.”

Kisha akaliinua beseni, akalirudisha kichwani, akaenda nalo kwake.

Papa Casimir aliinama, akaokota taa, akampelekea Papa Lambert mkononi. Familia imekubali neno la Mama Emilie, na sufuria kubwa, Mama Rosalie, iko jikoni, usiondoke bila hiyo.

Pumzika sasa, Mama Philomène. Ulichotoa kimepokelewa.