Bi Nani, Aliyepanga Timu kwa Kumtazama Mgonjwa

Aliyelala mbele yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, wiki ambayo paa la nyumba ya wazazi wake lilikuwa limefunguliwa kwa matengenezo. Baba yake alipenda kusema kwamba binti huyu aliiona mbingu kabla ya kuona dari. Baba alikuwa mpokea simu katika kituo cha simu, kazi ya kuunganisha sauti za watu mchana kutwa, na mama alishona sare za shule. Walijaliwa watoto watano, yeye akiwa kifungua mimba. Wadogo zake walimwita Dada Mkubwa hadi mwisho. Wengi mlioko hapa mlimjua kama Bi Nani, jina alilopewa kazini, ambalo habari yake inakuja.

Nyumbani hapo aliishi pia bibi mzaa baba, ambaye miguu yake ilikuwa imechoka. Mama aliwagawia watoto kazi kufuata vyombo: huyu jiko, huyu ndoo, huyu vikombe, huyu kwenda dukani. Jumamosi moja moto uliwaka vizuri, maji yakajaa, vikombe vikang'aa, sukari ikanunuliwa, na bibi akakaa hadi alasiri bila kuletewa kitu. "Nina wajukuu watano," akasema, "na chai sina." Dada Mkubwa, aliyekuwa darasa la nne, alicheka kwanza, kisha akaona aibu. Akamwambia mama kwamba kuanzia siku hiyo bibi ni wake, kuanzia kuwasha moto hadi kuosha kikombe. Mama alikubali kwa sharti la kutoungua. Aliungua kidogo, lakini bibi alikunywa chai.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, ambako mwalimu alilazimika kunyamaza kila treni ilipopita. Hesabu zilimkaa kichwani bila kubembelezwa. Jiografia ilimshinda, na familia haikushangaa, kwani alikuwa mtu wa kupotea hata akitumwa mtaa wa pili. Sekondari alisoma bweni. Kisha akaenda chuo kusomea kompyuta, miaka ile ambayo mashine moja ilichukua chumba kizima na kupulizwa baridi kuliko wanafunzi. Alihitimu mwaka 1990. Baba yake alihudhuria mahafali akiwa na koti la kuazima, na akawaeleza waliokaa jirani naye kwamba binti yake ameajiriwa na mashine.

Kazi ya kwanza aliifanya benki, idara ya programu. Huko alikutana na kijana mkimya aliyesimamia kanzidata, yaani ghala la taarifa zote za wateja, na ambaye aliilinda kama watu wanavyolinda mahindi yao. Wenzake walimwita Ghala. Uchumba wao ulianza kwa ugomvi kuhusu nafasi ya kuhifadhi majina marefu ya wateja, ukaishia kwa ndoa, tarehe 16 Desemba 1995. Mungu aliwajalia binti mmoja. Ghala ndiye mume aliyekaa hapa mstari wa mbele, na ameruhusu yasemwe yote yanayofuata, hata yasiyompendeza.

Mwaka 2009 wote wawili walihamia kampuni iliyotengeneza mfumo wa benki ya damu: hospitali inaomba damu kupitia kompyuta, benki inaitoa, na wachangiaji wanaitwa kwa ujumbe wa simu akiba inapopungua. Baada ya miaka michache marehemu akawa mkuu wa timu zote. Alizikuta zimepangwa kufuata vipande vya programu. Timu moja ilitengeneza kurasa zinazoonekana kwenye skrini, nyingine ujumbe wa simu, nyingine ilikuwa ya majaribio, na ya kanzidata aliiongoza mumewe. Kila timu ilikuwa na chumba chake, birika lake na mzaha wake juu ya timu nyingine.

Kisha likatokea jambo ambalo marehemu hakulisahau. Mama mmoja aliyetoka kujifungua alikuwa anavuja damu. Muuguzi wa zamu alituma ombi, na skrini ikamjibu: limepokelewa. Akangoja. Kumbe kundi la damu aliloliomba lilikuwa limeongezwa kwenye kurasa, lakini badiliko kama hilo kwenye kanzidata lilikuwa linasubiri majaribio, na watu wa majaribio walikuwa wanasubiri kuambiwa. Ombi lilipokelewa kweli, ila halikumfikia mtu. Muuguzi alipoona mgonjwa anazidi kupauka, aliachana na skrini, akampigia simu mtunza damu aliyekuwa rafiki yake. Damu ililetwa kwa pikipiki. Mama yule alipona, na mtoto wake pia.

Kesho yake kikao kilijaa. Kila timu ilionyesha kwamba sehemu yake ilikuwa imekamilika au iko kwenye foleni inayojulikana, na kila timu ilisema kweli. Mkurugenzi alitaka kujua nani aadhibiwe. Marehemu alisikiliza hadi mwisho, ndipo akauliza kwa sauti ndogo:

"Yule mama ni wa timu gani?"

Siku hiyo alirudi nyumbani akiwa amenyong'onyea. Aliwaambia wadogo zake baadaye kwamba kilichomtisha ni kuwaza kuwa wangemwadhibu mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, na bado mgonjwa mwingine angengoja vilevile.

Akaomba ruhusa ya kuondoka ofisini, akaenda kukaa na watu wanaotumia kile kitu. Alikaa wodini, maabara, na kwenye hema la wachangiaji, ambako naye alitoa damu ili asionekane amekuja kupiga soga. Hakuwauliza wanataka kitufe gani. Aliwauliza wanahangaika na nini. Muuguzi alimwambia kwamba neno "limepokelewa" halimsaidii. Anachohitaji ni kujua kama damu inakuja au haiji, mapema, ili ikiwa haiji amhamishe mgonjwa. Mtunza damu alihitaji kujua chupa zipi zinakaribia kuharibika. Mchangiaji alichotaka ni kuitwa anapohitajika kweli, na siku moja kuambiwa damu yake ilimfaa mtu.

Aliporudi, kila aliyemletea pendekezo alikutana na swali lilelile: nani anahitaji hiki? Vijana wakaanza kumwita Bi Nani, kwanza kwa kejeli. Yeye akalipokea jina, akaliandika kwenye kikombe chake.

Jaribio lake la kwanza la kuzipanga upya timu lilikuwa vurugu tupu, na familia inalisema kwa sababu yeye mwenyewe alilisimulia sana. Aliunda timu kwa kila hitaji aliloliandika. Mahitaji yakawa mengi kuliko watu, na timu mojawapo ilikuwa na kijana mmoja na kiti. Muuguzi aliyemtembelea ofisini alicheka, akamwambia kwamba kuomba damu, kujua kama inakuja na kuipokea ni shida moja ya mtu mmoja, inayoanza pale anapomwona mgonjwa anapauka. Hapo ndipo Bi Nani alipoona pa kukatia. Akaunganisha mahitaji yanayomkuta mtu yuleyule katika safari ileile. Zikapatikana timu tatu: ya anayesubiri damu, ya anayeitunza, na ya anayeitoa. Kila timu ingekuwa na mtu wa kurasa, mtu wa kanzidata na mtu wa majaribio, wakikaa chumba kimoja na kumaliza jambo bila kuomba ruhusa ng'ambo ya ukuta. Wachache wangebaki kutunza mitambo ambayo wote wanaitegemea.

Mpango huo ulikuwa na tatizo moja, na tatizo hilo alikuwa akilala nalo kitanda kimoja. Timu ya Ghala ingegawanywa. Ghala alisikia habari hiyo kikaoni pamoja na wengine, kwa sababu mkewe aliona haki ni kutompa upendeleo. Lilikuwa kosa, na alilijutia kabla hajakaa chini. Nyumbani kukawa kimya. Binti yao aligeuka kuwa mpokea simu kama babu yake: mwambie baba chakula kiko mezani, mwambie mama nimekiona. Ghala alihamia sebuleni na mto wake. Marehemu alimwambia mdogo wake kwamba huenda akaiokoa benki ya damu na kuipoteza nyumba, na kwamba akifikiria hivyo alitamani kuufuta mpango wote. Mkurugenzi naye alikuwa ameweka wazi kwamba hospitali zisiporidhika kufikia mwisho wa mwaka, mkataba utakwenda kwa kampuni nyingine, na wote watakwenda makwao.

Asubuhi moja Ghala hakwenda kazini. Hakuaga mtu. Alirudi mchana, akavua viatu, akaingia jikoni ambako mkewe alikuwa anapasha chakula, akavuta kigoda.

"Nilikuwa wodini kwa yule muuguzi wako," akasema. "Nimekaa pale hadi nimeota mizizi. Watu wameingia, wametoka, wamelia. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu kanzidata."

Marehemu akazima jiko.

"Wachukue vijana wangu," akaendelea. "Mimi nipeleke kwa anayesubiri. Ukinipeleka kwenye timu ya wachangiaji naacha kazi. Unajua ninavyoogopa sindano."

Bi Nani alicheka hadi akakaa sakafuni, na alipokuwa sakafuni akamwomba radhi kwa kumwacha asikie kikaoni. Jioni hiyo mto ulirudi chumbani. Binti yao anasema hajawahi kufurahi hivyo kufutwa kazi.

Miezi iliyofuata haikuwa laini. Watu waligombania madirisha, mabirika yalipigiwa kura, na kijana mmoja hodari aliondoka kwa hasira. Lakini kabla mwaka haujaisha ilitokea ajali ya basi, na maombi yakamiminika kwa pamoja. Katika chumba cha timu ya anayesubiri hakuna aliyegusa chakula. Baadhi ya maombi yalijibiwa papo hapo kwamba damu iko njiani. Moja lilijibiwa kwamba haipo, hamisheni mgonjwa; akahamishwa mapema, akafika akiwa na uhai. Jua lilipokuwa linashuka, simu ya ofisi ililia. Alikuwa muuguzi yuleyule. Alisema hana shida yoyote, amepiga tu kuwaambia kwamba chupa zote zimefika. Binti wa majaribio aliweka kichwa mezani akalia. Ghala alifungua dirisha kana kwamba chumba kizima kilikuwa kimebana pumzi. Mkataba uliendelea, na hakuna aliyepunguzwa kazi.

Mwaka 2021 marehemu alianza kuhema akipanda ngazi. Moyo ulikuwa umetanuka. Alistaafu mwaka uliofuata, na dawa zilimpa nafasi nzuri kuliko madaktari walivyotarajia: alimwoza binti yake, akampakata mjukuu, akapotea mara kadhaa akienda kliniki ileile. Ugonjwa uliporudi kwa nguvu, akawa analala ameketi, mito mgongoni.

Ni wakati huo familia ilipopata habari ambazo hawakujua wamwambieje. Kule kazini, mpangilio wake wa timu tatu ulikuwa umevunjwa. Ghala alilijua jambo hilo na akalificha, akihofia litamvunja moyo ambao tayari ulikuwa mbovu. Lakini yule binti wa majaribio, ambaye sasa ndiye mkuu wa timu, alikuja kumjulia hali, na maneno yakamponyoka. Ghala akatazama dari. Marehemu akauliza walianzia wapi.

"Kwa watoto wanaoongezewa damu kila mara, mama," akasema binti. "Wanahitaji kupangiwa tarehe wasiombe upya kila wakati. Tulikaa nao kwanza. Timu zako tatu hazikuwatosha, ikabidi tupange nyingine."

"Mlikaa nao?"

"Tulikaa nao."

Bi Nani aliegemea mito, uso ukalegea. Akasema kwamba kumbe alikuwa na hofu ya kitu kingine kabisa. Aliogopa wangezilinda timu zake kwa heshima tu, hadi wagonjwa waanze kusubiri tena. Akaomba mto mmoja upunguzwe. Akalala usingizi mzito, akikoroma, na waliokuwa sebuleni walichekeana kwa furaha, kwani walikuwa hawajamsikia akikoroma kwa muda mrefu.

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 14 Juni 2024. Mumewe alikuwa amemshika mkono, na binti yake alikuwa amemfungulia dirisha. Pumzi zilipungua pole pole, bila kupigana, kisha zikakoma. Familia ililia, na haina aibu kusema kwamba ilishukuru pia, maana ilikuwa imemwona akihangaika kutafuta hewa.

Ameacha mume, binti mmoja na mkwewe, mjukuu mmoja, wadogo zake wanne, shemeji na wapwa wengi, na wafanyakazi wenzake waliojaza safu zile za nyuma. Wenzake hao wamewaacha watu wawili katika chumba cha timu ya anayesubiri, waliokubali kukosa mazishi, kwa sababu leo kuna wanaosubiri damu.

Dada Mkubwa, sasa unaweza kulala chali. Pumzika, hakuna anayekungoja.