Mama Thibitisha na Alama Tatu Alizozirudisha

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mhadhiri Mwandamizi wa Hisabati tuliyezoea kumwita Mama Thibitisha anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mwalimu wa fasihi, ukurasa mmoja wa kueleza wasifu wake. Aliyepanga hivyo ama hajui yaliyotokea kati yetu muhula uliopita, ama anajua vizuri sana.

Alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na sita, akakabidhiwa somo ambalo hakuna aliyelitaka: Hisabati ya Msingi, lazima kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa fasihi wakiwemo. Wakati huo nusu ya wanafasihi walikuwa wakifeli na kulirudia. Mwaka wake wa pili akaanzisha kipindi cha Jumatano alasiri katika chumba namba kumi na moja, kile chenye feni inayolalamika, akabandika mlangoni karatasi iliyosema WANAOOGOPA WAINGIE. Humo hakumruhusu mtu kushika chaki. Kila mmoja alitakiwa kulisimulia swali kwa mdomo, kama kisa, nani kaanza na ngapi, nani kachukua nini, mpaka afike pale anapobabaika. Hapo ndipo alipomwambia: thibitisha. Jina likamganda. Leo, katika kila wanafasihi kumi anafeli mmoja, na huyo kwa kawaida hakuhudhuria.

Aliongoza Idara kwa miaka sita, akaandika kitabu cha mazoezi tunachokitumia hadi sasa, na akaipanga upya ratiba ya mitihani baada ya kugundua kwamba tulikuwa tukiwaweka wanafunzi walewale katika vyumba viwili kwa saa ileile. Kwenye vikao hakuwa msemaji. Alisubiri tumalize, akauliza swali moja, na kikao kikaanza upya.

Wachache wanajua kwamba hisabati hakuichagua yeye. Alilelewa na dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyeacha shule darasa la sita ili mdogo wake asome. Dada huyo alikuwa mgonjwa wa riwaya. Yeye akishona, mdogo mtu alimsomea kwa sauti, na akiruka ukurasa alikamatwa papo hapo. Wote wawili walitaka asomee fasihi. Walimu wakaona alama zake za hesabu, fomu ikajazwa, habari ikaishia hapo. Alipotimiza miaka hamsini na minne akaenda mwenyewe kwa msajili, akajiandikisha shahada ya kwanza ya fasihi, kozi mbili kila muhula.

Basi asubuhi alifundisha kalkulasi, na saa nane mchana alikaa safu ya mbele darasani kwangu pamoja na vijana walewale. Kiongozi wa kundi lake la kwanza la majadiliano alikuwa binti ambaye Mama Thibitisha mwenyewe aliwahi kumfelisha Hisabati. Binti akamkatalia kazi iliyochelewa dakika kumi, naye akaipokea hukumu. Insha yake ya kwanza nilitaka iwe kurasa nane. Alileta mistari kumi na moja. Alianza kwa kuchukulia kwamba msimulizi wa riwaya anasema kweli, akaonyesha mahali tarehe mbili zinapogongana, akahitimisha kwamba msimulizi ni mwongo. Nikaandika pembeni: fafanua zaidi. Insha ikanirudia na swali chini yake: ni kipi hakijaeleweka?

Lakini alijifunza. Mwaka wa nne aliniletea kurasa kumi na mbili kuhusu mama asiyesema neno katika riwaya nzima. Niliisoma insha ile mara mbili, na ya pili nilikuwa nalia.

Kilichomtoa jasho ni ushairi. Muhula uliopita hiyo ndiyo iliyokuwa kozi pekee aliyobakiwa nayo, msahihishaji nikiwa mimi, na ilimpasa afaulu kabla ya kustaafu, maana usajili wa mfanyakazi unakoma siku anapoacha kazi. Kufaulu ni alama arobaini. Matokeo yakatoka: arobaini na moja. Dada yake, ambaye macho yamepungua lakini vidole bado vinaijua sindano, alikuwa ameshamshonea gauni la bluu la kuvaa chini ya joho. Mtunza maktaba alileta keki, na idara mbili ambazo kwa kawaida hugombania projekta zikala pamoja.

Asubuhi iliyofuata akagonga mlango wangu, mkononi ana daftari lake la majibu. Nilidhani amekuja kushukuru. Aliliweka mezani na kuniomba nijumlishe tena. Kumi na nne, tisa, kumi na tano. Nilijumlisha mara tatu, ya mwisho kwa vidole, na kila mara ikaja thelathini na nane.

Nakiri hapa mbele ya wote: nilimsihi anyamaze. Nilimwambia hakuna atakayejua, na kwamba ile tisa ningeweza kuisoma upya nikaiona kumi na mbili. Akanijibu kwa upole kwamba yeye atajua, na mimi pia nitajua, hata kama hesabu zinanipiga chenga. Tukaenda pamoja kwa msajili. Jina lake likafutwa kwenye orodha ya mahafali, nami sijawahi kujisikia vibaya namna ile tangu nianze kufundisha. Dada yake alimnunia siku tatu. Siku ya nne alimwuliza jambo moja tu: "Kwani nani alikutuma ujumlishe?"

Nililiandikia Baraza la Taaluma barua, nikaeleza kwamba kosa la kujumlisha lilikuwa langu na kwamba bila uaminifu wake lisingejulikana kamwe. Niliomba wamwachie nafasi moja ya kurudia mtihani. Yule binti, ambaye sasa ni mwalimu msaidizi, alipita ofisi kwa ofisi kukusanya saini, akarudi na mia mbili na kumi na sita. Mama Thibitisha mwenyewe tulimficha jambo hili, na haikuwa kazi rahisi kumficha mtu anayehoji kila kitu.

Majibu yamefika jana, ukurasa huu ukiwa unaelekea kuchapwa. Kwa hiyo, Mama, unayasoma hapa pamoja na watu wote. Baraza halikukupa alama hata moja, na hakuna aliyethubutu kukuombea. Limeurefusha usajili wako kwa wiki moja. Nitasahihisha mimi, ila kazi ya kujumlisha nimenyang'anywa, na imepewa Idara ya Hisabati.

Asante kwa wanafunzi uliowatoa hofu, kwa vikao ulivyovinyoosha, na kwa kunifundisha mimi, uzeeni, kuhakiki kazi yangu. Asante na kwako pia, dada mtu utakayekaa mbele siku ya sherehe, kwa kutupatia mdogo wako. Mama Thibitisha, tunakutakia mapumziko marefu yenye afya na furaha, ila tunaomba yaanze Jumanne. Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, una mtihani wa Ushairi.