Diski Iliyobaki Peke Yake

Nilikuwa nachati, nikaacha! Ndani ya Noah, kigari cha abiria cha kushuka Lipingo, Mama Theodosia, katibu wa parokia, alikuwa anambana Wendelini, fundi kompyuta. “Diski mbili za kompyuta ya parokia, za zamani ila zote nzima, kila moja imetunza nakala ya majina yetu yote ya ubatizo. Umefanyaje?” “Nimechomoa moja, mama, nimeweka mpya. Inanakili kutoka kwa iliyobaki.” “Hiyo iliyobaki ikifa kabla ya kumaliza? Vitabu vililiwa na mchwa! Ungechomeka mpya kwenye tundu la tatu, inakili, ndiyo uchomoe. Hata mibuni mizee hatuing'oi mpaka miche ishike!” “Si tutarudisha niliyochomoa?” “Iko wapi?” “Ee... nimeifuta. Nimempa mdogo wangu Jastini aweke miziki.” Jasho likanitoka mimi! Simu ya mama ikaita. Padre: kompyuta inalia pi-pi-pi, taa ya diski ya zamani imekuwa nyekundu, afanyeje? Noah ikasimama Lipingo. Hakuna aliyeshuka.