Bi. Verna Etsitty na Jumatatu ya Tatu

Miaka ishirini na saba si mchezo. Ijumaa hii, tarehe 16 Mei, Bi. Verna Etsitty anaivua ovaroli nyeupe kwa mara ya mwisho na kustaafu ualimu katika Chuo cha Bonde la Chuska. Nimeombwa niandike machache ya kuwekwa kwenye programu ya sherehe. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena, maana mwenyewe ataisoma, na Bi. Verna akisoma huwa na kalamu nyekundu mkononi.

Alizaliwa Sheep Springs, mtoto wa sita. Mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake wa kabila letu la Wanavajo waliounga nyaya nyembamba kuliko unywele kwenye chipu za elektroniki, katika kiwanda kimoja cha huku kwetu. Verna alikuwa na miaka tisa kiwanda kilipofungwa. Anakumbuka maneno ya mama yake mezani siku hiyo: "Walisifu mikono yetu. Hakuna aliyeuliza kama tuna vichwa pia."

Neno hilo lilimkaa. Alisomea ufundi, akafanya kazi ya chipu mjini Albuquerque, kisha akarudi nyumbani kufundisha. Akaanza kugonga milango. Alichotaka kilikuwa kitu rahisi kusema: chuo chetu kilete wanafunzi, chuo kikuu kitoe chumba safi, kile kisichoruhusiwa vumbi, cha kujifunzia, kiwanda kitoe vifaa na mkaguzi, na atakayefaulu aajiriwe na cheti chake mkononi. Aligonga miaka minne. Mkubwa mmoja alimwambia watu wetu hawawezi kukaa mbali na kwao. Akamjibu, "Nani kasema wakae? Jumatatu nitawaleta, Ijumaa nitawarudisha." Tangu hapo gari jeupe la chuo ameliendesha mwenyewe, saa tatu kwenda, saa tatu kurudi.

Wahitimu wake leo ni mia mbili na kumi na wanne. Wengi tulitoka katika nyumba ambazo maji bado yanaletwa kwa mapipa, na wengi ni kina mama.

Kila aliyepita kwake anakumbuka vitunguu. Kisahani cha silikoni, kinachotengenezewa chipu, ni chembamba na hakishikwi kwa mkono, hushikwa kwa kibano. Kabla hujakigusa, Bi. Verna alikupa ganda la kitunguu, akawasha feni, akakuambia ulibebe kwa kibano kutoka mwanzo wa ukumbi hadi mwisho. Likipeperuka, rudi mwanzo. "Usikimbie," alikuwa akisema. "Tembea kama umebeba mtoto aliyelala." Vitunguu vyenyewe viliishia kwenye mchuzi wa kondoo, na aliyeangusha maganda mengi ndiye aliyeosha sufuria. Mimi niliosha wiki mbili.

Sasa niseme la kwangu, maana bila hilo nisingekuwa na haki ya kuandika hapa. Nilijiunga na mafunzo nikiwa na miaka ishirini na mmoja, cheti cha sekondari nimekipata kwa kuchelewa, na binti yangu Kylie ana miezi kumi. Wiki nzima alibaki kwa bibi yangu, Bi. Elouise. Nilijiambia, nikishindwa hapa, huku kumwacha mtoto kutakuwa bure.

Chumba safi kina mashine inayohesabu vumbi. Jumatatu yetu ya kwanza, tulipokuwa tunavaa, ikalia. Tukafuta kila kitu. Jumanne kimya, hadi Ijumaa. Jumatatu ya pili ikalia tena, tena niliposimama mimi. Mkaguzi wa kiwanda, Bwana Kowalczyk, alinitazama toka kichwani hadi miguuni. "Dada, wikendi unalala wapi, ghalani?" Kisha akamgeukia Bi. Verna. "Ikilia Jumatatu ya tatu siulizi kitu. Huyu anarudi kwao, na kundi lako la mwakani nalifikiria upya."

Bi. Verna alichukua utepe wa gundi, akaubandika juu ya nyusi zangu, akauweka chini ya darubini. Akatazama muda mrefu. Kisha akanitoa nje.

"Bibi yako anakuombea asubuhi?"

"Kila Jumatatu, kabla sijapanda gari."

"Kwa chavua?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ni chavua ya mahindi, ule unga wa manjano wa mbelewele. Bibi huuweka kidogo ulimini, kidogo utosini, mwingine anaurusha mbele ya njia. Nilikuwa nimeacha manukato, poda na mafuta ya nywele, kama orodha ya makatazo ya ukutani ilivyosema. Chavua haikuwa kwenye orodha, na mimi sikuwahi kuiona kuwa vumbi.

Nikamwambia siwezi kumkataza bibi. Akasema, "Nani kasema umkataze?"

Ijumaa ile alikuja hadi nyumbani, akanywa kahawa, akamweleza bibi yote. Nilikuwa nimejikunyata na mtoto pembeni. Bibi akacheka hadi akafuta machozi. "Verna, mashine yenu imeona baraka, nyinyi mnaiita uchafu. Basi apande gari kwanza. Baraka inajua kufuata barabara."

Jumatatu ya tatu nilipanda gari, Bi. Verna akafunga madirisha yote, akaenda polepole mno hadi mwisho wa njia. Nyuma yetu bibi amesimama mlangoni, Kylie kiunoni, anairushia barabara chavua. Mashine haikulia. Wala haijalia tena kwa ajili yangu.

Baadaye nilikuta alichoandika Bi. Verna kwenye ripoti ya kiwanda: "Kosa ni la mwalimu. Desturi hii nimekua nayo, na niliandika orodha kana kwamba haipo." Akatia sahihi. Bwana Kowalczyk aliisoma, akaomba orodha mpya. Mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa Bi. Verna, unasema: "Baraka: nje ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa." Kundi la mwaka uliofuata lilikuja, na mengine yote baada yake.

Miaka sita sasa nafundisha naye katika chumba cha kuvalia. Jumatatu ijayo funguo za gari jeupe zitakuwa mkononi mwangu, na wanafunzi kumi na wawili nyuma. Tutapita Sheep Springs alfajiri, na ametuambia atakuwa mlangoni kwake na kifuko chake kidogo cha chavua.

Ahsante, mwalimu, kwa kutuuliza tulichonacho kichwani. Uishi salama, upumzike vizuri, kondoo wako waongezeke. Ukituona tunakuja, usiwe na wasiwasi. Madirisha tutayafunga, na tutapita polepole.

Raelynn Manygoats,
kwa niaba ya wenzako wote