Figo ya Sentimita Juu ya Benchi Langu

Benchi langu lina miguu minne: mitatu ya mbao na mmoja wa tofali. Wanaolikalia nao hivyo hivyo, hakuna aliyekamilika. Liko kwenye kona, kati ya duka la vifaa vya ujenzi na birika langu la kahawa, na kila alasiri lazima mtu atatuliwe jambo ambalo hakuomba litatuliwe. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Sentimita, fundi cherehani wa mlango wa tatu. Figo yake ina jiwe, wiki mbili anakojoa damu, na saa kumi alitakiwa awe kitandani hospitali ili afanyiwe upasuaji kesho yake asubuhi. Akikosa, nafasi nyingine ni baada ya miezi minne. Saa ilikuwa tisa. Mfuko wake wa nguo ulikuwa miguuni, na mwenyewe ameketi anasema haendi.

— Siendi! Jiwe langu liko kulia. Maumivu yako kulia. Sasa tazameni wenyewe picha ya daktari.

Akatandaza karatasi kubwa inayong'aa. Tukainama. Haikuwa ile eksirei ya kijivu tuliyoizoea. Mifupa myeupe, mishipa ya damu myekundu na ya buluu, figo mbili zimetuna kama kitu unachoweza kukishika, na ndani ya moja jiwe la njano lenye matawi, tangawizi kabisa. Mstari wa kijani ulitoka nje ya mbavu ukaenda hadi kwenye jiwe. Hiyo ndiyo njia daktari atakayopitishia kifaa.

Sentimita alituambia alilazwa ndani ya mashine yenye tundu kama pete, ikampiga picha vipande vipande kama mkate, kisha kompyuta ikavipanga vipande mkate ukarudi mzima. Daktari akawa anaizungusha ile figo kwenye kioo, juu, chini, ubavuni, anatafuta pa kupita asiguse mshipa. Mwishoni akachapa upande mmoja tu, akampa aende akautafakari nyumbani. Yeye akaja kuutafakari kwenye benchi langu.

— Jiwe liko mkono huu, akasema, akigonga karatasi. Kushoto! Atatoboa figo isiyo na kosa.

Koki, fundi bomba, akasogeza kikombe chake.

— Mimi figo sijasomea, lakini bomba ni bomba. Hili tangi, huu mfereji wa kushukia. Nani anazibua mfereji kwa kutoboa tangi? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema kuziba, hawakusema kutoboa!

— Wewe vyoo vya watu vimekupanda kichwani, akasema Futi Mia. Futi Mia ni mchimba visima. Anakuahidi maji kwenye futi mia, yakikosekana anakuahidi futi mia nyingine. — Kutoboa ni sawa. Ila amepima vibaya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jiwe liko chini, basi aingilie chini. Leta chaki.

Na Sentimita, kwa akili zake, akatoa mfukoni chaki ya kukatia nguo. Futi Mia akamchora msalaba mgongoni, juu ya shati.

— Hapo si unamtoboa uti wa mgongo! Koki akampokonya chaki, akachora wa kwake.

— Jamani, mnanichora mimi au kitambaa?

— Tulia. Mteja hapimwi akicheza. Si ndivyo unavyotuambia?

Hapo hapo maumivu yakamshika. Alijikunja, paji likalowa jasho, mguu ukalipiga teke lile tofali, benchi zima likainama nao wote. Nikampa maji.

— Bi Mkubwa, akaniambia yalipopoa, nikifa je?

— Ukifa, nguo za watu atazimalizia nani? Nenda hospitali.

— Na akinitoboa kushoto?

Jibu alikuwa nalo Koki, kama kawaida.

— Mimi nahisi picha si yako. Wana picha moja nzuri, kila mgonjwa anapewa hiyo hiyo. Kama kalenda.

— Si ya mtu kabisa, akadakia Futi Mia. Ng'ombe wangapi wamechinjwa nikitazama? Buluu sijaiona hata mara moja. Hii ni ramani, ndugu zangu. Machimboni, njano ni nini?

— Dhahabu.

— Na kijani?

— Njia ya kuingilia.

— Haya! Jiwe likitoka, linabaki kwa nani?

Sentimita akalitazama tumbo lake kama mtu aliyeambiwa ana shamba la urithi.

— Langu hilo, akanong'ona.

— Dhahabu gani inakojolesha damu? nikauliza.

— Bi Mkubwa, nyumba njema si mlango.

Mpaka leo sijui Futi Mia alikusudia nini.

Saa tisa na nusu akaja mama mmoja nisiyemjua.

— Samahanini, fundi Sentimita ni nani? Nimefuata sketi, mlango nimekuta umefungwa.

— Ni huyu, akasema Koki, lakini leo yeye ndiye anayepimwa.

Yule mama akaitazama misalaba ya chaki, akaitazama picha. Akainamisha shingo.

— Mimi sijui kitu, mnisamehe. Huyu mtu wa kwenye picha, anatutazama au ametupa mgongo?

Koki akamtazama Futi Mia. Futi Mia akaigeuza karatasi, akachungulia nyuma. Nyuma hakuna kitu, nyeupe.

— Inategemea, akasema Koki.

— Inategemea nini?

Koki akanywa kahawa kutoka kwenye kikombe kilichokwisha zamani.

Sentimita alikuwa amesimama.

— Mama, hebu simama mbele yangu. Nitazame.

Akanyoosha mkono wake wa kulia. Ukatua kwenye bega la kushoto la yule mama. Akamwomba ageuke, akanyoosha tena. Bega la kulia. Miaka thelathini anakata mikono ya mashati bila kukosea.

— Kwa hiyo akiwa ananitazama, akasema polepole, kushoto kwangu ni kulia kwake, daktari yuko sawa. Na akiwa amenipa mgongo...

— Sasa ipi? akauliza mama.

Nikainua birika nimimine, niwazibe midomo. Tone moja.

— Kahawa imekwisha, nikasema. Anayejua ni aliyeizungusha. Kamuulize, tena umwambie kwa mdomo wako unaumwa wapi, kabla hujalala. Na shati hilo ulivue huko huko mlangoni, asije akadhani ni maagizo.

Akakunja picha, akachukua mfuko.

— Sketi yako haina zipu bado, mama.

— Nenda, baba. Nitavaa gauni.

— Muulize na la dhahabu! akapiga kelele Futi Mia.

Alikwenda amepinda kama msumari uliokosewa na nyundo. Kwenye kona akageuka kutupungia, mkono mmoja juu, mwingine umeshika ubavu. Alikuwa ananitazama, na ubavu alioushika ulikuwa upande wangu wa kushoto, kama jiwe la pichani.

Kulia, basi. Nikaosha vikombe.