Kibao Chenye Jina la Bimla

Nisogezeni dirishani, wanangu, na wewe Salanieta acha kunipepea, unanizuia kusikia kinachoendelea kule tanurini. Nani anaangalia unga? Leo kuna joto, utaumuka upesi kuliko jana, na mikate ya tui ikichachuka watu wa basi la asubuhi hawaigusi. Haya, kaeni. Kaa, Apenisa, hukutoka Suva kuja kusimama mlangoni kama mgeni. Sikilizeni vizuri, maana nina jambo la kusema na pumzi zangu hazitoshi kulirudia.

Mnajua, kama wanavyojua watu wote wa barabara hii, kwamba duka la mikate ni la Bimla, jirani yetu Mhindi, na kwamba mimi mama yenu nimekuwa mfanyakazi wake tangu mkiwa wadogo. Jina lake ndilo liko kwenye kibao. Ni uongo, wanangu. Lile duka ni langu, na tanuri nililijenga kwa mikono hii, mwaka ule wa mapinduzi ya kwanza, watalii walipoikimbia Fiji na hoteli ikatuachisha kazi mimi na baba yenu siku moja.

Msinikatize. Kwetu ndugu akija na kerekere, ombi lake la haki ya undugu, hanyimwi, mnalijua hilo. Leo shangazi anaomba mfuko wa unga wa msiba, kesho binamu anaomba sukari ya harusi, na mimi nitawatazamaje usoni nikisema sina? Kabla ya tanuri nilikuwa na kiduka cha sabuni na sukari. Kilikwisha kwa miezi mitatu, nikabaki na rafu tupu na sifa ya kuwa na roho nzuri. Ndipo Bimla akaniambia, "Torika, safari hii andika jina langu. Wakija kuomba, waambie bosi wako ana roho mbaya." Tukacheka mpaka machozi. Tangu hapo kila aliyeomba nilimjibu, ningekupa, ndugu yangu, ila si changu, kamwone Bimla, naye Bimla akamtimua na mwiko mkononi. Akachukiwa yeye, nikapendwa mimi. Dola ilipoporomoka na unga ukapanda bei, tukapunguza ukubwa wa mkate, wakamtukana yeye. Hoteli zilipofungwa kwa ule ugonjwa wa korona, tukabadilisha mikate kwa magimbi na samaki, na tanuri halikuzimwa hata siku moja.

Sasa lile ambalo limenikaa kooni. Mwaka elfu mbili, mapinduzi yale mengine, wanaume walikuja na mawe wakitafuta maduka ya Wahindi, wakasoma kibao. Mjomba wenu Viliame, kaka yangu wa tumbo moja, alikuwa mbele yao. Mimi nilikuwa nyuma ya tanuri. Ningetoka nikasema ni langu, wangeangusha mawe na kuniomba radhi. Sikutoka. Nilikuwa nawaza kwamba nikisema leo, kesho ukoo mzima utajua na duka litaliwa. Nilikuwa nawaza hayo, wanangu, wakati wanamwuliza Bimla ni la nani, naye akanitupia jicho mara moja tu, akasema, "Ni langu." Jiwe la Viliame likamvunja mkono. Ule mkono wa kushoto usionyooka, mliokuwa mkiuigiza mkiwa shuleni nikawachapa bila kuwaambia sababu, nimeuvunja mimi. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Ndugu wako barazani, nawasikia, wameleta mikeka ya msiba na mimi bado napumua. Nikifa watakaa siku kumi, watakula, wataomba, na wewe Salanieta utaona haya kuwanyima. Naona umeinua kichwa. Unajiambia, kumbe ni letu. Si letu, mama. Jana mwanasheria alikuja, nikatia sahihi. Duka lote nimempa Bimla, tanuri, rafu na kibao. Alilinunua siku ile kwa mkono wake. Najua umelitumikia miaka kumi, najua inakuuma, lia ukitaka. Kisha kamwombe kazi. Atakusema kwanza, halafu atakupa aproni. Apenisa, shamba la magimbi la baba yenu ni lako, usiliuze.

Fungua mlango, mwanangu. Wote wasikie. Mimi na Viliame hatujazungumza uso kwa uso tangu tubalehe, ndiyo desturi yetu kaka na dada, basi mwambie wewe, kwa sauti, kwamba lile jiwe alilirushia duka la dada yake. Radhi asiniombe mimi. Achukue jino la nyangumi, lile la kuombea radhi, avuke ua, apige magoti kwa Bimla.

Mungu awape mikono isiyochoka. Awape... awape midomo inayosema mapema, kuliko wangu.

Bimla hajui bado kwamba nimempa duka. Nataka nimwambie mwenyewe. Yuko tanurini, mwiteni.

Hapana. Ngojeni. Nasikia harufu, mikate imeiva. Mwacheni aitoe kwanza... isije ikaungua. Mimi nitamngoja.