Gideon Laidlaw, Aliyesimamisha Kisu

Baba yetu, Gideon Laidlaw, alizaliwa katika mji wa Kelso, huku kwetu Uskoti, tarehe 3 Machi 1811, mtoto wa mhunzi. Alisoma shule ya kanisa miaka minne, kisha akaingia kufua chuma. Huko ndiko alikoipata ile mikono ambayo wengi wenu mliogopa kupeana nayo salamu.

Mwaka 1834 aliajiriwa katika hospitali moja hapa Edinburgh. Kazi yake, nasema bila aibu, ilikuwa kuwakandamiza wagonjwa mezani wasifurukute, maana walipasuliwa wakiwa macho. Kila mgonjwa, baba alimwomba radhi kwanza. Mwaka 1838 alimwoa mama yetu, Isobel, ambaye husema hajapata kuona pande la mtu kama lile likishindwa kula kwa huruma.

Mwishoni mwa 1847 ilipokuja dawa ya usingizi, klorofomu, baba alifurahi kuliko madaktari, ingawa walimtania kwamba kazi yake imekwisha, sasa atafute ufagio. Lakini miaka yote walikuwa wakijua mgonjwa yu hai kwa makelele yake. Sasa ukimya uliwapendeza mno, na hakuna aliyejali kuusikiliza.

Tarehe 6 Februari 1849, Jean Cuthill, binti mfumaji, alilazwa akatwe mguu. Baba alimshika mkono kwa mazoea tu. Mara mkono wa binti ukalegea.

"Bwana Daktari, weka kisu chini. Binti hapumui."

"Laidlaw, wewe ni mtumishi hapa."

"Ndiyo, bwana. Na binti hapumui."

Akamsukuma daktari kando kwa bega, akamfungua binti taya, akamvuta ulimi mpaka akakohoa. Alifukuzwa siku hiyohiyo kwa utovu wa adabu. Wiki ya pili daktari mwenyewe alipanda ngazi zetu, akala uji wa shayiri mezani petu, akamwomba arudi. Tangu hapo, kwa miaka ishirini na miwili, hakukatwa mtu pale kabla Laidlaw hajasema, "Anapumua." Nani mwingine katika ukoo huu amewahi kuwasubirisha madaktari?

Aprili mwaka huu wa 1871, uvimbe wa pajani ulimlaza yeye kwenye meza ile. Alikataa pumzi zake ziangaliwe na mwanafunzi wa udaktari, akanitaka mimi. Alipoamka aliniuliza, "Euphemia, ulizihesabu pumzi?"

"Zote, baba."

Akacheka. Homa ya kidonda ilimchukua tarehe 2 Mei.

Ameacha mjane, Isobel. Watoto wawili, Adam na mimi. Na wajukuu watatu. Yupo pia Jean Cuthill, aliyekuja kwa magongo kutoka Leith, na watoto wake wanne. Nimewaandika kwenye orodha ya familia, na asiyependa anione mimi. Mungu ampe baba yetu usingizi mwema.